Neno la Kiingereza “Fresh”

Msomaji, njoo usimame pamoja nami asubuhi juu ya majabali ya Mwanza, tulitazame ziwa letu kubwa, Ziwa Victoria. Jua ndilo kwanza lachomoza. Mitumbwi yarudi mwaloni, na wavuvi washusha samaki waliowapata usiku. Mama mmoja ainama ukingoni na kuteka maji kwa ndoo. Upepo waanza kuvuma na kutia mikunjo juu ya maji. Naye mtoto mmoja, aliyelala usingizi mwema usiku kucha, aja mbio kuwasaidia wakubwa kubeba nyavu.

Kama Mwingereza angesimama hapo pamoja nasi, angeweza kutumia neno moja tu kwa mambo hayo yote manne. Angesema samaki ni “fresh”, maji ni “fresh”, upepo ni “fresh”, na mtoto naye ni “fresh”. Lakini sisi tukitaka kuyasema hayo kwa Kiswahili, neno moja halitutoshi. Twasema samaki ni wabichi, maji ni matamu, upepo ni wa nguvu, na mtoto ni mchangamfu. Neno moja la wenzetu limekuwa maneno manne kwetu.

Wanafunzi wengi wakikutana na neno kama hili hufungua kamusi, huliona neno la Kiswahili lililoandikwa kwanza, hulichukua, kisha hufunga kitabu. Mara nyingi kosa lao huleta kicheko tu. Walakini katika sura hii tutaona makosa mawili yasiyochekesha, ambayo yaweza kumtia mtu ugonjwani au hata kumzamisha majini. Kwa hiyo tulichunguze neno hili polepole.

Kanuni yetu itakuwa moja, nayo ni rahisi. Ukiliona neno “fresh”, usiulize kwanza, “Kwa Kiswahili ni nini?” Uliza, “Hapa linakataa nini?” Kwa maana neno hili kila mara lina adui wake. Ukimjua adui, umeijua maana.

1. Maji yasiyo ya chumvi

Neno hili ni la kale sana. Waingereza wa zamani, kabla ya mwaka 1066, walikuwa na neno “fersc”, nao walilitumia kwa maji yasiyo ya chumvi. Katika mwaka huo wa 1066 Wanormani, waliosema Kifaransa, waliishinda Uingereza wakaitawala. Lugha yao ilikuwa na neno lililo ndugu wa lile la Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa kitu kipya, kitu kibichi, kitu cha sasa hivi. Baada ya muda maneno hayo mawili yalichanganyika, kama mito miwili iingiayo katika ziwa moja. Ndiyo sababu leo neno “fresh” limebeba maana nyingi.

Waingereza ni watu wa kisiwa, tena kisiwa chao chazungukwa na bahari ya chumvi. Baharia asiye na maji ya kunywa atakufa kwa kiu ingawa amezungukwa na maji pande zote. Basi kwake yeye, kuyatenga maji ya chumvi na maji yasiyo ya chumvi lilikuwa jambo la uhai. Watu wa pwani yetu, toka Lamu mpaka Kilwa, walikuwa na haja iyo hiyo. Nao waliyaita maji yasiyo ya chumvi “maji matamu”, ingawa hayana sukari hata chembe. Na pengine waliyaita “maji baridi”, hata yakiwa yamekaa juani.

Katika Agano Jipya, Waraka wa Yakobo, sura ya tatu, mtume awafundisha watu kwamba haifai ulimi mmoja utoe baraka na laana, naye atoa mfano wa chemchemi. Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 ilitumia neno “fresh” mahali hapo kwa maji yale yasiyo ya chumvi. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliyaita maji hayo “matamu”. Walifanya vema, maana walimtazama adui wa neno, yaani chumvi, nao wakachagua neno ambalo watu wa pwani hulitumia kumkataa adui huyo.

Hapa mwanafunzi na aangalie. Samaki wa ziwa letu huitwa katika vitabu vya Kiswahili “samaki wa maji baridi”. Mwanafunzi mmoja akifasiri maneno hayo moja moja ataandika “cold water fish”, na Mwingereza atadhani anasimuliwa habari za samaki wa nchi za theluji. Lakini maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa na joto la nyuzi 24 au zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Si ya baridi hata kidogo. Neno lifaalo ni “freshwater fish”.

Lakini kwa nini maji ya ziwa letu si ya chumvi? Swali hili lastahili kujibiwa, maana karibu nasi yako maziwa yenye chumvi na magadi, kama Natron, Eyasi na Manyara. Jibu ni hili. Kila mto uendao ziwani husomba chumvi kidogo kutoka katika udongo na mawe. Jua likichoma, maji hupanda juu kama mvuke, lakini chumvi haipandi, hubaki. Ziwa lisilo na mlango wa kutokea maji hukusanya chumvi hiyo mwaka kwa mwaka, mpaka maji yake hayanyweki. Ziwa Victoria hupata maji mengi kutoka katika mvua inyeshayo juu yake, na kutoka katika mito, mkubwa wao ukiwa Kagera. Tena lina mlango. Huko Jinja, katika nchi ya Uganda, maji hutoka na kuanza safari ya mto Nile, yakaichukua chumvi pamoja nayo. Kwa hiyo ziwa hili, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, limekaa bila chumvi.

Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza akaliona ziwa hili tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake. Alipofika hakuuona mlango huo. Aliuona miaka minne baadaye, mwezi wa Julai 1862, mahali palipokuwa na maporomoko ya maji. Maporomoko hayo yalifunikwa na maji baada ya bwawa kubwa kujengwa hapo Jinja na kufunguliwa mwaka 1954. Lakini kila mtu aliyepata kuyanywa maji ya Mwanza alikuwa na dalili ya mlango huo ulimini mwake, ingawa hakujua.

2. Kosa la kwanza la hatari

Sasa twaja kwenye kosa la kwanza kati ya yale mawili. Kamusi nyingine huandika kwamba “fresh” ni “safi”. Na kweli, tukisema “fresh air” twamaanisha hewa safi, yaani hewa ya nje, isiyofungiwa chumbani pamoja na moshi na pumzi za watu. Basi mwanafunzi husoma katika kitabu cha jiografia kwamba Ziwa Victoria ni “a fresh water lake”, naye hujiambia, “Kumbe! Kitabu chasema ziwa letu lina maji safi.” Kisha hushuka mwaloni, huinama, na kunywa.

Kitabu hakikusema hivyo hata kidogo. Katika maneno “fresh water lake”, neno “fresh” lamkataa adui mmoja tu, naye ni chumvi. Halisemi neno lo lote juu ya uchafu. Maji yaweza kuwa “fresh” kabisa na papo hapo yakawa na vijidudu vya kipindupindu, vya kuhara damu na vya homa ya matumbo. Vijidudu hivyo havionekani kwa macho, wala havina ladha. Maji yaliyo maangavu kama kioo yaweza kuwa navyo.

Tena uko ugonjwa wa kichocho, ambao watu wa kandokando ya ziwa waujua sana. Mtu mgonjwa akienda haja majini au karibu na maji, mayai ya mdudu wake huingia majini na kuanguliwa. Vijidudu vidogo huwaingia konokono fulani wakaao kwenye majani ya ukingoni, hukua ndani yao, kisha hutoka wakitafuta mtu. Hawahitaji kunywewa. Hupenya katika ngozi ya yule aogaye, afuaye nguo, au asimamaye majini akivuta nyavu. Konokono hao hawawezi kuishi katika maji ya chumvi ya bahari. Kwao maji matamu ndiyo makao. Basi tazama jinsi neno linavyoweza kumpotosha mtu! Neno lile alilodhani lampa salama ndilo liwapalo konokono nyumba.

Kwa hiyo, ukitaka kuandika “maji safi” kwa Kiingereza, andika “clean water”. Ukitaka kusema maji ya kunywa yasiyo na madhara, andika “safe drinking water”. Nawe nyumbani, chemsha maji mpaka yatokote, yaache yapoe katika chombo kilichofunikwa, ndipo unywe. Tumia choo daima, wala usiende haja karibu na ziwa.

3. Samaki wabichi

Sasa tuingie sokoni. Hapa Mwanza samaki huuzwa kwa namna nyingi. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa ziwavutazo karibu na nyavu. Kisha huanikwa juani juu ya mchanga, au juu ya majabali, au juu ya vichanja, mpaka wakauke. Sangara na sato wengine huuzwa kama walivyotoka majini, wengine hubanikwa kwa moshi, wengine hutiwa chumvi. Mwingereza akiuliza sokoni kama samaki ni “fresh”, adui wa neno lake ni nani? Wako wawili. Kwanza aulizia samaki asiyekaushwa, asiyetiwa moshi wala chumvi. Pili aulizia samaki asiyeanza kuoza. Kwa Kiswahili twasema “samaki mbichi”.

Hapa Kiswahili nacho chatega mtego wake. Neno letu “-bichi” lina maana nyingi kama lilivyo lile la Kiingereza. Samaki mbichi ni “fresh fish” akiwa sokoni; bali tukimla kabla hajapikwa, ni “raw fish”. Embe bichi ni “an unripe mango”. Kuni mbichi ni “green wood”, hata kama gome lake ni jeusi. Nguo mbichi ni “wet clothes”. Rangi mbichi ya ukutani ni “wet paint”. Basi mwanafunzi akiandika barua kwamba wageni walipofika kwao walikula “raw fish”, msomaji atashangaa kuwa watu wale hawana moto. Na mchuuzi akitundika kibao sokoni kuwatangazia wageni kwamba ana “unripe fish”, watasimama, watacheka, na pengine watapita.

Unaona sasa kwamba lugha hazikukatwa kwa mkasi mmoja. Kiingereza kimekusanya samaki, maji na upepo katika neno “fresh”. Kiswahili kimekusanya samaki, embe, kuni na nguo katika neno “-bichi”. Maneno hayo mawili yakutana kwa samaki, kisha kila moja laenda njia yake.

Katika biashara neno hili lina mpaka wake mwingine. Sangara hakuwa samaki wa asili wa ziwa hili. Aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye aliongezeka mno, naye aliwala furu wengi hata aina nyingi zao zikatoweka. Viwanda vilijengwa Mwanza kuikata minofu yake na kuipeleka nchi za ng’ambo. Mnunuzi wa huko akiandika kwamba ataka minofu iliyo “fresh”, ataka minofu iliyowekwa katika baridi ya barafu lakini isiyogandishwa. Ile iliyogandishwa mpaka ikawa ngumu kama jiwe huitwa “frozen”, hata kama ilitoka majini jana. Adui wa neno amebadilika tena: sasa si jua wala moshi, bali ni ugandishaji. Karani asiyeijua tofauti hiyo aweza kumtia hasara bwana wake kwa neno moja la barua.

Nawe ukitumwa sokoni, usimsadiki mchuuzi kwa neno lake tu, liwe la Kiswahili au la Kiingereza. Mtazame samaki mwenyewe. Samaki mbichi ana macho maangavu yaliyotuna, si macho yaliyodidimia na kufifia. Mashavu yake ndani ni mekundu. Nyama yake ukiibonyeza kwa kidole hurudi juu. Harufu yake ni ya ziwa, si ya uvundo.

4. Vyakula vya nyumbani

Turudi nyumbani. Usukumani watu wafuga ng’ombe wengi, na maziwa huliwa kwa namna mbili. Maziwa yaliyokamuliwa asubuhi hii ni “fresh milk”. Hapo neno lakataa mgando, yaani maziwa yaliyochachuka, ambayo ni “sour milk”. Wala usidhani kwamba “sour milk” ni maziwa mabaya. Ni chakula chema, ila si “fresh”.

Mkate ulio “fresh” ni mkate wa leo. Adui ni mkate wa juzi uliokauka, nao huitwa “stale”. Yai lililo “fresh” ni yai lililotagwa karibuni; adui wake ni yai viza. Litie yai katika bakuli ya maji: likizama na kulala chini ni jipya, likielea ni la zamani. Matunda na mboga zilizo “fresh” ni zile zilizochumwa karibuni. Adui wake ni kunyauka, au kutiwa katika makopo. Siagi nayo, Waingereza wa zamani waliiita “fresh” ile isiyotiwa chumvi. Hapo twaiona ile maana ya kale ikichungulia tena.

5. Vitu vipya na watu wasiochoka

Mwalimu akikuambia uchukue “a fresh sheet of paper”, ataka karatasi nyingine isiyoandikwa, wala si karatasi mbichi. Ukiharibu hesabu, atakuambia “make a fresh start”, yaani uanze upya. Habari zilizo “fresh” ni habari mpya. Kijana aliye “fresh from school” ndiye ambaye ndiyo kwanza ametoka shuleni, hajapata mazoea ya kazi.

Kwa mtu pia neno hili latumika. Mfikirie baharia au mvuvi aliyepiga makasia tangu usiku wa manane. Mikono yamtetemeka. Akija mwenzake aliyelala na kula, huyo mwenzake ni “fresh”. Adui wa neno hapo ni uchovu. Kutokana na hilo twapata neno “refresh”, yaani kuburudisha, na “refreshments”, yaani viburudisho.

Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, katika Kiingereza kilichotoka Marekani, mtu aweza kuambiwa kuwa ni “fresh” kwa maana ya fidhuli, mtu asiyejua mipaka ya adabu mbele ya wakubwa au mbele ya mwanamke. Kwa hiyo usiandike katika barua kwamba mwalimu wako ni “fresh”, ukidhani wamsifu. Pili, siku hizi vijana wa mjini wakiulizwa habari hujibu, “Freshi!” Hilo ni neno la mitaani katika Kiswahili, na maana yake ni “njema”. Wala si Kiingereza. Mwingereza akikuuliza “How are you?” usimjibu “Fresh”, mjibu “I am well, thank you.” Na bibi yako akikuuliza habari za asubuhi, mwamkie kwanza kama alivyokufundisha.

6. Upepo, na kosa la pili la hatari

Tumesema kwamba mtu aliye “fresh” ana nguvu asizozitumia bado. Ishike maana hiyo, kwa kuwa ndiyo ifunguayo mlango wa upepo.

Mwanafunzi akisoma “a fresh breeze” hukumbuka hewa safi na maji matamu, naye hufasiri “upepo mwanana”, upepo wa kuburudisha jioni chini ya mwembe. Maneno hayo yapendeza, lakini ni uongo. Mwaka 1805 afisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, aliandika orodha ya nguvu za upepo, ili mabaharia wote waseme lugha moja. Orodha hiyo ilitengenezwa zaidi baadaye, nayo yatumika hata leo. Huanzia sifuri, palipo shwari tupu, na hufika 12, iliyo tufani. Upepo mwanana ni “a gentle breeze”, nao ni wa daraja ya 3. Kisha huja daraja ya 4. Upepo uitwao “fresh breeze” ni daraja ya 5, nao hukimbia kilomita 29 mpaka 38 kwa saa. Katika nchi kavu upepo huo huanza kuyumbisha miti midogo yenye majani. Ziwani huinua mawimbi yenye vilele vyeupe vya povu.

Adui wa neno hapo ni udhaifu. Upepo ulio “fresh” si upepo dhaifu. Ni upepo wenye nguvu mpya, kama mpiga kasia asiyechoka. Meli kubwa haiujali sana. Bali mtumbwi uliojaa dagaa, au ngalawa ya watoto watatu waendao kisiwani, waweza kujaa maji kwa upepo huo. Ziwa letu limekwisha meza watu wengi kwa sababu waliondoka pwani bila kuujua upepo uliokuwa ukiwangoja katikati.

Basi fikiri hali hii. Kijana mmoja tu kijijini ajua Kiingereza. Wavuvi wamwuliza tangazo la hali ya hewa lasemaje kwa usiku huu. Asoma “fresh winds”, atabasamu, awaambia, “Upepo mzuri wa kuburudisha.” Wazee wamwamini, maana amesoma. Wapakia nyavu na taa, wasukuma mitumbwi. Nani atachukua dhambi ya wimbi litakalowakuta? Kijana huyo hakusema uongo kwa kusudi. Alisema neno asilolijua kana kwamba alijua. Hilo ni kosa la watu waliosoma, wala mtu asiyesoma hawezi kulifanya.

Tena, ukisikia “the wind is freshening”, usifurahi. Maana yake upepo unaongezeka nguvu. Aliye majini na ageuze mtumbwi kuelekea pwani.

7. Jinsi neno litumiwavyo

Neno “fresh” ni sifa, na katika Kiingereza sifa hutangulia jina: “fresh fish”, si “fish fresh”, ingawa sisi husema “samaki mbichi”. Tena halibadiliki kwa wingi wala kwa ngeli. Sisi husema yai jipya, mayai mapya, mkate mpya. Wao husema “fresh” kwa yote. Tukilinganisha, twasema “fresher” na “freshest”. Likielekea kitendo lachukua “-ly”: “freshly caught fish” ni samaki waliovuliwa sasa hivi.

Tukumbuke sasa kanuni yetu. Kwa maji ya ziwa, adui ni chumvi. Kwa hewa, adui ni moshi na pumzi za chumba kilichofungwa. Kwa samaki, adui ni kukauka, kuoza, au kugandishwa. Kwa maziwa, adui ni kuchachuka. Kwa mkate, adui ni siku zilizopita. Kwa mtu, adui ni uchovu. Kwa upepo, adui ni udhaifu. Neno ni moja, lakini hupigana vita saba.

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Mwenye kulijua neno nusu na kujidhani alijua zima ndiye awezaye kumdhuru jirani yake. Watu wa nyumbani kwako, waliokutuma shuleni kwa jasho la samaki na pamba, siku moja watakuletea karatasi ya Kiingereza na kukuuliza, “Mwanangu, imeandikwa nini?” Siku hiyo usione haya kusema, “Nipeni kidogo nitazame kamusi, nimwulize na mwalimu.” Hilo ni jibu la mtu aliyesoma kweli.

Maswali

1. Kwa nini Ziwa Victoria halina chumvi, na Ziwa Natron linayo?
2. Mtu akisema maji ni “fresh”, je, amesema yafaa kunywewa? Eleza.
3. Fasiri kwa Kiingereza: embe bichi, nguo mbichi, samaki mbichi wa sokoni, maji safi.
4. Taja dalili tatu za samaki ambaye hajaanza kuoza.
5. Wavuvi wa kwenu wakikuuliza maana ya “fresh winds”, utawajibu nini?